Farasi wa Bwana Mpimaji

Nilikuwa nimeolewa msimu mmoja tu wa kilimo wakati farasi wa bwana mpimaji alipoumia kwenye daraja la kijito chetu, bondeni upande wa Makwale. Wajerumani walikuwa wamekwisha kujenga boma lao kule juu milimani, na njia ya kushuka mpaka Mwaya ziwani ilikuwa imechongwa kwa majembe yetu wenyewe. Bwana mpimaji alikuwa Mjerumani kijana aliyepita na mnyororo wake wa kupimia ardhi, wachukuzi kadhaa, na askari mmoja mweusi mwenye bunduki. Farasi tulikuwa hatujawazoea. Walioletwa bondeni kwetu walikufa upesi kwa homa, kwa hiyo huyu alipopita, mwekundu kama chungu kilichotoka motoni, watu waliacha kupalilia wakasimama kumtazama.

Daraja lilikuwa magogo manne tu yaliyolazwa juu ya maji. Mvua kubwa zilikuwa zimeanza na magogo yalikuwa yakiteleza. Askari alikuwa mbele, akimvuta farasi kwa hatamu. Mimi nilikuwa nachota maji hapo chini. Niliona mguu wa mbele wa kushoto ukizama katikati ya magogo mawili, farasi akashtuka, akajitupa upande, na nikasikia mlio kama wa mwanzi unaopasuka motoni.

Wanaume wa kijiji walimtoa, mume wangu akiwa mmoja wao. Farasi alisimama kwa miguu mitatu, anatetemeka, wa nne ameuinua kama mtu aliyekanyaga mwiba. Chini ya goti ngozi ilikuwa imechanika kama urefu wa kiganja. Bwana mpimaji alitoa bastola, akaiweka karibu na sikio la mnyama. Kisha akairudisha kiunoni. Akasema maneno kwa askari, na askari akatugeukia.

"Nani hapa anajua kuunga mifupa?"

Wengi hawakuelewa Kiswahili, na walioelewa walikuwa na akili kunizidi. Mimi nilizaliwa ufukweni kwa Wakisi, mama yangu alikuwa mfinyanzi, na Kiswahili nilikiokota utotoni kwa wachuuzi wa chumvi na nguo waliokuja kununua vyungu vyetu. Nilikuwa najivunia kukijua. Nikajibu, "Baba wa mume wangu huunga mifupa ya ng'ombe."

Askari alimtafsiria bwana wake. Wakazungumza kwa muda, kisha hukumu ikatoka: farasi atabaki kwetu, katika nyumba yetu ya ng'ombe, mpaka apone. Askari atabaki kumlinda. Na kwa kuwa wachukuzi wawili walikuwa wametoroka tangu asubuhi, mume wangu atabeba mzigo mpaka Mwaya na kokote bwana atakakokwenda.

"Atarudi lini?" niliuliza.

Askari hakunitazama. "Farasi akipona, mume wako atarudi. Farasi akifa, hayo mtajua wenyewe."

Mume wangu aliondoka na sanduku kichwani. Aliniambia tu, "Mtumie mtu baba, aje."

Lazima nieleze jambo moja, maana bila hilo haya mengine hayaeleweki. Kwa Wanyakyusa, mke hamtazami baba mkwe wake, hasemi naye, hapiti alipo. Akimwona njiani huingia migombani na kujifunika uso. Kwetu ufukweni heshima hiyo ipo, lakini kwao ni kali kuliko moto. Ndiyo maana vijana wao hawakai kijiji kimoja na baba zao. Kijiji cha baba mkwe wangu kilikuwa ng'ambo ya mto. Hata jina lake sikuruhusiwa kulitaja, wala neno linalofanana nalo. Na kwa bahati yangu mbaya jina lake lilifanana na neno lao la kamba. Tangu niolewe, kamba niliiita "kile cha kufungia."

Baba mkwe alikuja siku ile ile, peke yake, begani amebeba mfuko wa dawa. Nilimsikia akikohoa kwa mbali ili nijifiche, nami nikajifunika kwa ungo na kumpa mgongo. Alikagua mguu kwa muda mrefu. Askari alisimama kando akiuliza, "Anasema nini mzee? Umevunjika? Atapona?" Baba mkwe hakujua Kiswahili hata neno moja. Askari, ambaye alitoka mbali sana, upande wa Manyema, hakujua Kinyakyusa. Aliyejua vyote viwili nilikuwa mimi, na mimi nilikuwa sina ruhusa ya kufungua mdomo mbele ya mzee yule.

Tulikaa hivyo, watu watatu na farasi mmoja. Mwishowe baba mkwe akamshika farasi sikio, akamwambia kwa Kinyakyusa, taratibu, kama anayezungumza na mgonjwa:

"Wewe mnyama, mfupa wako umepasuka lakini haujaachana. Ukisimama bila kuukanyaga, utashika. Ng'ombe ningemlaza. Wewe sikujui. Mwenzako mwenye bunduki anajua desturi zako?"

Nilielewa. Nikamgeukia farasi kutoka upande wa pili, ungo ukiwa usoni, nikamwuliza askari. Askari akasema farasi akilala siku nyingi tumbo hujisokota na hufa, lazima asimame. Nikamrudishia farasi maneno hayo kwa Kinyakyusa. Baba mkwe akaguna, "Umesikia, mnyama? Basi tutakutundika."

Hivyo ndivyo tulivyozungumza kwa zaidi ya mwezi mmoja.

Tulishona ngozi mbili za ng'ombe, tukazipitisha chini ya tumbo lake, na wanaume wakazifunga juu kwenye mihimili ya nyumba kwa kamba za magome. Hakuning'inia, miguu yake mitatu iligusa chini, ila uzito ulipungua. Mguu uliovunjika ulizungushiwa vipande vya mianzi vilivyochongwa laini, ndani yake kitambaa cha gome la mti. Kitambaa hicho kilikuwa changu, cha arusi. Hakuna aliyeniomba. Nilikiweka mgongoni mwa farasi na baba mkwe akakichukua.

Siku ya tano maji yalianza kupanda. Kila mwaka mito ya bonde lile hufurika, Lufilyo na Mbaka na vijito vyote, na kila mwaka watu huswaga ng'ombe wao kwenda mahali pa juu mpaka maji yapungue. Kijiji kizima kiliondoka ndani ya siku mbili. Majirani walichukua na ng'ombe wetu. Walisimama mbele ya nyumba yetu wakiniita. Nikaingia nyumba ya ng'ombe, nikamtazama farasi amefungwa kwenye mihimili kama nguo, nikarudi nje nikawaambia, "Huyu hawezi kutembea."

"Mwacheni!"

"Na mume wangu?"

Waliniachia ndizi, mihogo, na mtumbwi mmoja uliotoboka.

Baada ya hapo uwanja wetu ukawa kisiwa. Maji ya rangi ya maziwa yaliyochanganyika na udongo yalizunguka pande zote, na migomba ilisimama ndani yake mpaka kifuani. Palibaki nyumba yangu, nyumba ya ng'ombe, na uwanja ambao mtu angeuzunguka kabla hajamaliza kutafuna ndizi moja. Juu ya udongo huo nilipaswa kuishi bila kukutana na baba mkwe, ambaye sasa alilala kwa farasi pamoja na askari. Nilijifunza nyakati zake: alipotoka kunawa, nilikuwa ndani, nilipotoka kupika, alikuwa kwa farasi. Nilipoingia kumlisha farasi nilitangulia kugonga ungo, naye akageukia ukutani. Usiku nilisikia kikohozi chake kupitia kuta za mianzi, na nadhani yeye alisikia nilivyolia. Hakuna aliyeweza kujifanya hayupo.

Farasi alikula kama watu kumi. Nilikwenda majini nikiwa nimepandisha nguo kukata matete, maji yakinifika kiunoni, nikiogopa mamba. Nilimpa maganda ya ndizi, pumba za mahindi, majani ya viazi. Alikuwa na midomo laini isiyolingana na ukubwa wake. Aliokota ganda kiganjani mwangu bila kunigusa ngozi. Nilimchukia hata hivyo. Nilichukia alivyopumua na mkojo wake uliojaa nyumba nzima. Nilichukia kwamba mimi, mke mpya ambaye bado sijazaa, nilikuwa nimefungwa na mnyama wa mtu ambaye hata jina langu hakuliuliza.

Kila baada ya siku chache baba mkwe alifungua mianzi na kunusa kidonda. Mara ya kwanza aliniambia, yaani alimwambia farasi, "Hakijaoza." Mara ya pili akaagiza majani fulani na maji ya moto. Kidonda kilikuwa kimeanza kutoa usaha. Tulikiosha kwa siku nyingi, mimi nimeshika chungu upande huu, yeye amepiga magoti upande ule, mwili wa farasi katikati yetu kama ukuta. Niliona mikono yake tu. Mikono ya mzee yule naijua mpaka leo kuliko ninavyoijua ya baba yangu. Kidole chake kimoja kilikuwa kimepinda, na alipomgusa farasi palipouma alitangulia kupuliza pumzi hapo, kama tunavyompulizia mtoto uji.

Ngozi za tumboni nazo zilimchubua. Akatoka vidonda kifuani na mbavuni. Tulikuwa tunaponya pamoja na kuumiza pamoja, na hakuna aliyejua kipi kinakwenda mbele. Nilimwuliza askari, "Umewahi kumwona farasi aliyepona mguu?"

"Hapana," akasema. "Wote niliowaona walipigwa risasi."

Askari huyo alikuwa mwanamume wa makamo, mpole kuliko bunduki yake. Mchana alikaa mlangoni akisafisha vifungo vya koti lake. Siku moja tukiwa uwanjani wawili, akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, maji yakiongezeka kidogo, tumwache yamchukue. Nitasema tulipigana na maji mpaka tukashindwa. Nani atakataa? Mzee arudi kwake, wewe uende kwenu ufukweni."

"Na mume wangu?"

Alikung'uta koti lake.

Sikumwambia ndiyo wala hapana. Lakini maneno yale yaliingia. Asubuhi iliyofuata niliamka nikaona maji yamepanda tena, yameingia nyumba ya ng'ombe, na kwato za farasi zimezama. Baba mkwe alikuwa amekwenda nyuma ya nyumba. Mkononi nilikuwa na kisu cha kukatia matete. Nilitazama kamba ile ngumu iliyovimba kwa maji, nikafikiri: mkato mmoja ataanguka, akianguka mfupa utaachana, na yote yatakwisha leo hii. Nilikaribia. Nilishika kamba kwa mkono wa kushoto. Farasi akageuza kichwa akaanza kunitafuta kiganja, akidhani nimeleta maganda.

Ningependa kusema nilimhurumia. Nadhani niliogopa tu. Niliacha kamba, nikachomeka kisu ukutani.

Nilipotoka niliona mtumbwi. Ndugu wawili wa kijijini walikuwa wamekuja kutuchukua. Walisema mto umebomoa kingo huko juu na maji zaidi yanakuja kabla ya adhuhuri. Askari alikuwa wa kwanza kuweka mguu mtumbwini. Kisha akautoa, akakaa chini kwenye tope, bunduki magotini. "Siwezi kurudi bila farasi," akasema. "Mimi ndiye niliyemvuta darajani."

Baba mkwe aliingia kwa farasi. Nilimsikia kupitia ukuta: "Mnyama, mwambie mwenye nyumba hii aende. Yeye ni mtoto wa watu. Mimi nitabaki nawe."

Nilikwenda mpaka mlangoni na ungo wangu. "Mnyama," nikasema, "mwambie anayekutibu kwamba aliyeleta shauri hili ni mimi. Na kwamba bila mimi hamtaelewana na huyu mwenye bunduki hata kwa maji ya kunywa."

Kwa mara ya kwanza nikamsikia akicheka kidogo. Mtumbwi ukaondoka bila sisi.

Maji yalikuja kama walivyosema, wakati jua limekwisha kuwa juu. Hayakuja kwa kishindo. Yalivimba tu, yakaingia, yakafika magoti ya farasi, kisha tumbo. Alianza kupiga maji kwa mguu wa mbele mzima. Askari alikuwa amemkumbatia shingo akimwimbia wimbo wa kwao. Baba mkwe alikuwa ubavuni, amejibana kati ya farasi na ukuta, akishikilia ile mianzi ya mguu isitoke. Mimi nilikuwa mlangoni nikizuia gogo lililokuwa likielea lisiingie.

Nikaona kamba ya nyuma inaachana, uzi mmoja mmoja, juu ya kichwa cha baba mkwe. Yeye hakuiona. Nikapiga kelele neno lile la kamba. Nililitamka kamili, kwa lugha yao, na kwa kulitamka nilikuwa nimemwita mzee yule kwa jina lake.

Aliinua uso, akashangaa, akanitazama mimi badala ya kutazama juu. Kamba ikakatika. Farasi akaangukia upande wa ukuta, na mzee akazama.

Sikumbuki kutupa ungo. Nakumbuka nimeingia chini ya shingo ya farasi, nimemshika baba mkwe kwapani, navuta, na askari anasukuma ubavu wa farasi kwa mgongo wake akinguruma. Alitoka akikohoa maji. Nilimwegemeza kwenye nguzo, mikono yangu miwili mabegani mwake, uso kwa uso. Alikuwa na makovu madogo ya ndui mashavuni, na macho ya mume wangu. Hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwamba alifanana na mume wangu kiasi kile na sikuwahi kujua.

Kisha tukageuka wote watatu kwa farasi. Tulipata kamba nyingine. Maji yenyewe yalitusaidia: yalimbeba mnyama, akawa mwepesi, tukamrudisha katika ngozi zake. Mpaka jua linaelekea kushuka tulikuwa tumesimama ndani ya maji tukimshikilia. Maji yalipoanza kushuka, baba mkwe alimgusa farasi paji la uso akasema, "Ndaga." Ni asante. Alikuwa amenipa mgongo.

Baada ya siku ile haikuwa rahisi zaidi. Ilikuwa ngumu zaidi. Zamani nilimkwepa mtu nisiyemjua. Sasa niliukwepa uso niliokwisha kuuona, na kila nilipoingia mle niliushusha ungo mpaka kifuani. Tulibaki tumefungwa pale siku nyingine nyingi, tope likikauka polepole. Mianzi ilipofunguliwa tena, mguu ulikuwa umevimba, na hakuna aliyeweza kusema kama mfupa ulihimili anguko lile. Tukasubiri. Uji wa pumba, matete, maji ya moto, kunusa, kufunga.

Halafu asubuhi moja nikamkuta farasi amekanyaga. Ncha tu ya ukwato, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole. Baba mkwe na askari walikuwa wamechuchumaa mbele yake wakiutazama ukwato ule. Kesho yake hakukanyaga. Kesho kutwa akakanyaga.

Mume wangu alirudi kabla farasi hajatolewa katika ngozi. Alikuja kwa miguu kutoka Mwaya, amekonda, ana nguo mpya aliyoniletea. Nilimwuliza, "Wamekuachaje, na farasi bado hajapona?"

Hakuelewa ninachosema. "Farasi anahusikaje? Nilibeba mizigo mpaka maji yakafunga njia. Yalipopungua tukaambiwa twende zetu. Bwana mpimaji ana homa, wamempakia melini."

Nilimfuata askari mlangoni. Hakusubiri niulize. "Bwana hakusema kwamba mumeo anangoja farasi apone," akaniambia. "Nilisema mimi. Niliogopa mngekimbia mniache naye peke yangu."

Nilikuwa na mwiko wa kupikia mkononi na nilimpiga nao begani, mara moja, kwa nguvu zangu zote. Hakujikinga. Kisha nilikaa chini, mume wangu akiniuliza kuna nini, kuna nini.

Mambo ya mimi na baba mkwe yalipelekwa kwa wazee. Nilidhani watanirudisha kwetu. Yeye mwenyewe alizungumza kwanza, nimeambiwa, akasema mtu aliyekuwa anazama hana mkwe. Akachinjwa ng'ombe, tukatakaswa kwa namna yao, na kila mmoja akarudi mahali pake. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akawaona wajukuu wake wanne. Hatukusemezana tena hata siku moja, wala mbele ya mnyama yeyote.

Farasi alitoka nje siku ya jua kali. Alitembea akichechemea, mguu umenyooka ila mnene pale palipounga, kama fundo la mwanzi. Askari alisema boma watamtaka, akaanza safari ya kumpandisha mlimani polepole, akimwongoza kwa mkono, akipumzika kila kivuli. Kama walimkubali akiwa kilema, au walimpiga risasi siku ile ile, sikujua. Mwaka ule ule askari wengine walipita, nikawauliza. Hakuna aliyewahi kumwona.

Ng'ombe wetu waliporudishwa kutoka mahali pa juu waligoma kuingia nyumba yao. Walisimama mlangoni wakinusa na kurudi nyuma. Ilibidi nikwangue sakafu yote kwa jembe, nitupe udongo ule mtoni, nisiribe upya kwa samadi na udongo, siku tatu, ndipo ng'ombe mzee akatia kichwa na wengine wakamfuata.